Sauti ya Nne ya Bi Garrod

Zillah Lumb alipiga viola kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo hakutokea hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba amemsikia. Viola ndivyo ilivyo. Ni fidla iliyonenepa kidogo, sauti yake iko katikati, na wasikilizaji humtegea sikio yule wa fidla ya kwanza anayelia juu, au humtikisia kichwa yule wa selo anayenguruma chini, na huyu wa katikati wakamwacha ajipigie. Zillah hakuona ubaya wowote. Alikuwa mtu wa katikati tangu kuzaliwa: wa tatu kati ya watoto watano, nyumba yao ya katikati katika safu ya nyumba za mawe pale Ackersley, na kanisani alikaa benchi la katikati, mahali ambapo mtu haonekani sana wala hakosekani.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha sufu. Kitambaa kikitoka mashineni huwa na makosa, uzi umekatika hapa, umerukwa pale. Wanawake kama Zillah walikaa dirishani, kitambaa kimetandazwa juu ya meza ya mteremko, wakatafuta mapengo kwa ncha za vidole, kisha wakaurudisha uzi uliopotea kwa sindano, juu chini, juu chini, kwa kuhesabu nyuzi za jirani. Ni kazi ya kuua macho, lakini Zillah aliipenda, na vijana wapya kiwandani waliletwa kwake wajifunze.

Jumamosi kiwanda kilifungwa saa sita mchana. Wanaume wa Ackersley walikwenda mpirani kutukanana na refa. Zillah alikwenda nyumbani, akanawa mafuta ya sufu mikononi, akachukua sanduku lake la viola na kupanda kilima kwenda kwa Bi Euphemia Garrod.

Sasa huyu Bi Garrod alikuwa binti wa daktari, mwembamba, mkali, nywele amezibana utadhani zimemkosea. Ujanani alisomea utunzi wa muziki London, zama ambazo mwanamke aliruhusiwa kupiga piano akiwa anasubiri mume, basi. Yeye hakusubiri. Aliandika nyimbo, akaandika sonata, na mwaka 1889 akaandika kwarteti, yaani utungo wa vyombo vinne: fidla mbili, viola na selo. Ilipigwa mara moja tu, katika ukumbi mdogo London, mbele ya watu sitini waliokuwa wameloa mvua. Gazeti moja likasema imejengwa kwa nguvu isiyotazamiwa kwa mwanamke. Mchapishaji naye akaurudisha mswada pamoja na barua tamu ya kumshauri aandike vijiwimbo vya watoto.

"Nilikuwa na miaka thelathini na minne," Bi Garrod alipenda kusimulia, "sina mume, sina mtoto, na huyo bwana anataka niimbe habari za sungura. Nikaifunga barua yake nikampelekea daktari wa akili." Watu hawakujua kama ni kweli. Mimi nadhani alimpelekea.

Akarudi Ackersley kumuuguza baba yake, na baba alipokufa akabaki. Hapo ndipo, baada ya vita vile vya kwanza, akawakusanya watu wanne wa mjini kuja kuipiga kwarteti yake kila Jumamosi. Fidla ya kwanza alikuwa Amos Holroyd, mwenye duka la dawa, mtu mwenye maringo. Fidla ya pili alikuwa Percy Tordoff, mpeleka barua. Viola ni Zillah. Na selo alikuwa Irvin Sugden, mwangalizi wa tanuri la mvuke kiwandani, jitu la mtu, mikono kama sepetu, ambaye akishika uta wa kusugulia nyuzi alikuwa mpole kuliko wote.

"Zillah, mpenzi," Bi Garrod alisema Jumamosi ya kwanza kabisa, "mbona unapiga kama mtu anayeomba radhi?"

"Samahani, Bi Garrod."

"Ndiyo hayo sasa! Umeomba tena. Mwenzio Percy amekosea tangu ukurasa wa kwanza na hajaomba hata mara moja."

"Nimekosea wapi?" Percy akauliza.

"Tuseme umepatia wapi, itakuwa haraka zaidi."

Bi Garrod alikuwa amenakili kwa mkono wake sehemu ya kila mpigaji, na kila mmoja alichukua ya kwake akaenda nayo nyumbani kujifunza. Ndivyo wapigaji wa kwarteti walivyo kote: unaona noti zako tu, za wenzio unazijua kwa sikio. Pahali pekee ambapo sauti zote nne ziliandikwa pamoja ni katika mswada mkuu, wenye jalada la ngozi ya kijani, na huo Bi Garrod hakuruhusu mkono wa mtu uuguse.

Zillah alikaa karibu na Irvin. Selo husimama juu ya ncha ya chuma, na ncha hiyo Irvin aliichomeka kwenye ubao wa sakafu, hata kila noti ya chini ilipita sakafuni ikamwingia Zillah kwa nyayo. Kwa miaka kumi na tisa alimsikia kwa miguu kama vile kwa masikio. Wanawake wa kanisani, ambao midomo yao haikuwa na likizo, wakamuuliza kama ana lake jambo na mume wa Clarice Sugden. Zillah akajibu kwamba amependa mkono wa kulia tu, kuanzia kiwiko hadi vidole, na kilichobaki Clarice awe na amani nacho. Clarice alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini. Wakawa marafiki kuanzia siku hiyo.

Mwaka 1931 Bi Garrod akalala kitandani asiinuke tena. Zillah alikwenda kumwona, akamkuta amebaki macho na ukali.

"Nisikilize," alisema mgonjwa. "Amos atasahau. Percy atapoteza. Irvin anavuta sana tumbaku, atakufa. Wewe ndiye umebaki. Usiniache kabatini, Zillah."

"Sitakuacha, Bi Garrod."

"Ipigwe mahali watu watasikia. Mara moja tu. Mara ya kwanza waliokuja walikuwa wanakimbia mvua."

Zillah akaahidi, na alikuwa mtu ambaye ahadi kwake ilikuwa ni kitu cha kulala nacho na kuamka nacho. Baada ya maziko walikaribishwa chai kwa mpwa wa marehemu, Bwana Lionel Garrod, mwanasheria wa Harrogate, na huko akauona mswada wa kijani umewekwa vizuri katika kabati la vioo. "Hapa uko salama, Bi Lumb," mpwa alisema. Zillah akarudi nyumbani moyo umetulia, na wale wanne wakaendelea kuipiga kila Jumamosi.

Irvin akafa kweli, Januari ya 1938, kifua. Walimlaza katika chumba cha mbele, mapazia yameshushwa mtaa mzima, na watu wakaja kumuaga mmoja mmoja kama ilivyo ada. Na ilikuwa ada vilevile, katika mitaa ile, kumtilia marehemu kitu chake jenezani: mmoja medali yake ya kucheza matufe, mwingine kitabu cha nyimbo za kanisani, mwingine bomba lake la tumbaku. Clarice alikuwa amesimama na bomba mkononi.

"Zillah, nimtie hili? Ndilo limemuua."

"Usimtie hilo."

"Nimtie nini basi? Siwezi kumwacha aende mikono mitupu, watu wataniona mkono wa birika."

Zillah akatazama, na juu ya kiti, kando ya selo, akaona karatasi za Irvin za kwarteti, zimekunjika pembe, zina alama ya kikombe cha chai. Akasema yale maneno ambayo angetoa jicho moja ili ayarudishe. Akasema, "Mtie Garrod wake."

"Hamtazihitaji?"

"Mswada upo Harrogate. Tukipata mpiga selo mwingine tutanakili. Hizi ni zake, Clarice."

Clarice akalia, akamwachia Zillah azitie yeye. Zillah akaziingiza chini ya ile mikono mikubwa, taratibu, akazinyoosha pembe. Kila aliyekuja kuaga alisema ni jambo zuri sana, halijapata kufanywa zuri kama hilo Ackersley.

Hawakupata mpiga selo mwingine. Vita vikaja, Amos akafa, Percy akahamia Kanada kwa binti yake akafia huko, na karatasi zao zikaingia katika droo ya Zillah pamoja na zake. Kila Jumamosi alasiri aliketi peke yake jikoni na kupiga sehemu yake ya viola tangu mwanzo hadi mwisho, na alipokuwa akipiga Irvin alikuja. Alimsikia chini yake, noti kwa noti, kama zamani. Hakuwahi kumweleza mtu, maana angeambiwa ameanza kuzeeka vibaya.

Barua ikaja mwaka 1961, Zillah ana miaka sitini na minane, amestaafu, goti moja limegoma. Ilitoka redioni London, kwa kijana aitwaye Rodney Askwith, ambaye alikuwa akitayarisha vipindi juu ya watunzi wa kike waliosahauliwa. Aliona jina la Euphemia Garrod katika gazeti la zamani. Je, kuna mtu Ackersley ajuaye kama kwarteti ile bado ipo?

Zillah aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena ameketi, kisha akaenda kununua keki ya jibini, akala yote peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akajibu kwa mwandiko wake bora: Ipo. Ipo yote. Sauti zote nne.

Redio wakafurahi. Wakapanga Jumapili moja ya Oktoba, wakawaweka wapigaji wanne mashuhuri, wakatangaza. Zillah akamwandikia Bwana Lionel kuomba mswada, naye akajibu kwa kifupi kwamba afadhali aje. Akapanda basi hadi Harrogate na begi la kubebea mswada. Lionel Garrod alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Kabati la vioo lilikuwa pale pale, ndani yake mna sahani.

"Nilidhani unajua, Bi Lumb."

"Najua nini?"

"Mwaka 1942. Walipopita kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita. Tuliambiwa kila kilo ni kasha la risasi. Mke wangu alitoa kabati zima, na mimi nilikuwa nimekwenda zamu ya kuangalia mioto ya mabomu. Niliporudi mkokoteni ulikuwa umeshaondoka."

"Hamkubakiza hata..."

"Hata risiti. Siku ile tulijiona mashujaa." Akakaa. "Nisamehe."

Zillah alitaka kukasirika. Alijitahidi kabisa, alikuwa na haki. Lakini alikumbuka kwamba mwaka huo huo yeye mwenyewe alitoa barua zote za mama yake na vitabu vyake vya shule, akavifunga kwa kamba na kuvipeleka mpaka kwenye mkokoteni, akapewa asante, akaona fahari.

"Na mimi nilitoa," alisema. Akanywa chai aliyopewa, akarudi na begi tupu.

Usiku huo hakulala, na asubuhi akaenda moja kwa moja kwa Clarice Sugden. Hakujua ataanzaje, kwa hiyo akaanza na jambo lenyewe: kwamba sauti tatu anazo, ya nne iko duniani mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni mikononi mwa Irvin.

Clarice, aliyekuwa mjane kwa miaka ishirini na mitatu sasa, aliigeuza pete yake kidoleni.

"Unataka kumfukua mume wangu."

"Sitaki. Sijui ninataka nini, Clarice. Mimi ndiye niliyezitia."

"Mfukueni," Clarice akasema.

"Nini?"

"Nimesema mfukueni. Irvin hakumnyima mtu kitu maisha yake. Mtu akija kuazima ngazi, anampa na kumbebea. Atainuka mwenyewe akisikia ni ninyi." Kisha uso ukamvunjika. "Lakini nisiwepo."

Wakaenda kwanza kwa Enoch Barraclough, mchimba makaburi mstaafu, aliyemzika Irvin kwa mkono wake. Walimkuta kwenye bustani yake anang'oa vitunguu. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa, halafu akamtazama Clarice kwa huruma.

"Bi Clarice, nilikuwa sitaki kukwambia haya. Upande ule wa makaburi una chemchemi. Tulikesha tunateka maji, na asubuhi bado tulimshusha ndani ya maji. Niliwaambia wenzangu tuimbe kwa sauti ili msisikie maji."

"Nilisikia," Clarice akasema. "Nilidhani ni mvua."

"Ya karatasi msahau. Hata mbao hazipo." Akawapa vitunguu vinne kila mmoja, maana hakuwa na kingine cha kuwapa.

Ikabidi Zillah amwandikie kijana wa redio ukweli. Alitazamia barua ya ukali, akaja kijana mwenyewe kwa treni, mrefu, mpole, sweta imetoboka kiwiko, amebeba mashine nzito ya kunasa sauti. Zillah alishindwa kumchukia, na jambo hilo lilizidisha ugumu.

"Bi Lumb, umeipiga miaka kumi na tisa pamoja naye. Lazima iko kichwani."

"Iko yote, mwanangu. Naisikia kila Jumamosi."

"Basi niimbie."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, zikatoka noti nne, akasimama, kwa sababu ya tano ilikuwa ni yake mwenyewe, ya viola. Askwith akasema si neno, achukue viola apige, na pale anapomsikia Irvin aseme. Akapiga. Irvin akaja, vizuri kabisa, chini ya nyayo zake, na Zillah akasema, "Huyo! Huyo hapo!" akashusha uta ili amwonyeshe, na Irvin akaondoka.

Siku tatu walihangaika hivyo. Akipiga anasikia, akinyamaza ili aseme, hakuna. Kijana alizitandaza karatasi za sauti tatu, akajaribu noti moja moja kwenye piano ya kanisa, huku Zillah ameketi benchini ameshika tama.

"Ni hii? Au hii?"

"Labda ya pili."

"Una hakika?"

"Piga tena ya kwanza. Hapana. Hapo alikuwa anapanda."

"Anapanda kwenda wapi?"

"Kwenda... Unajua mtu akirudi kutoka safari, akaona paa la nyumba yao? Alikuwa anapanda kwenda huko."

Askwith aliandika hata maneno hayo, maskini, ingawa hayapigiki. Siku ya tatu Zillah akapata wazo lililomfufua. Akamweleza kazi yake ya kiwandani: uzi ukipotea, unahesabu nyuzi za jirani, nazo zinakwambia uzi wenyewe ulipita wapi. Sauti tatu zipo. Kwa nini zisiseme ya nne?

Kijana akavua miwani. "Zinasema, Bi Lumb. Tatizo zinasema mengi. Kitambaani uzi sahihi ni mmoja. Hapa kwa kila noti naweza kukupa saba au nane zinazofaa, hakuna atakayelalamika. Yeye alichagua ipi, hilo majirani hawajui."

Zillah akatazama mikono yake. Mikono hiyo ilikuwa imerekebisha maelfu ya mita za nguo, na ndiyo iliyozinyoosha zile pembe.

"Mambo ni mawili," Askwith akasema kwa sauti ya chini. "Ama niiandike mimi hiyo selo, na mtangazaji aseme wazi kwamba ni yangu. Ama tuahirishe, na tukiahirisha sitaki kukudanganya, hawatairudia."

Afanyeje? Akikataa, Bi Garrod anabaki kabatini milele. Akikubali, anayetoka kabatini ni Bi Garrod aliyevalishwa mguu wa mtu mwingine. Alikuwa na miaka sitini na minane na hakuona njia ya tatu, wala mimi siioni.

"Andika," alisema.

Ile Jumapili ya Oktoba walisikiliza nyumbani kwa Clarice, saa tisa alasiri, katika chumba kile kile cha mbele. Mtangazaji akamtaja Euphemia Garrod wa Ackersley, akasema kwarteti hii haijasikika hadharani kwa zaidi ya miaka sabini, na kwamba sehemu ya selo, iliyopotea, imeandikwa upya na Rodney Askwith. Clarice, aliyejua tu kwamba Zillah alikuwa akimkumbukia kijana sauti ya Irvin, alikuwa jikoni wakati huo anagombana na birika. Aliingia na sinia pale fidla ya kwanza ilipoanza.

Kisha selo ikaingia, na Clarice akaweka sinia chini, juu ya sofa.

Zillah alikuwa amejitayarisha kuumia, lakini si kwa namna ile. Ilikuwa nzuri. Yule kijana alikuwa na kipaji, na alikuwa ameipenda kazi, ilisikika. Ila Zillah, kwa kuwa hapigi sasa bali anasikiliza, na uongo ukiwa mbele yake, akauona ukweli wazi kuliko siku zote. Hapa! Hapa Irvin alikuwa anashuka, huyu amepanda. Na hapa alikuwa kimya kabisa, anafuta miwani, na viola ndiyo ilikuwa chini kabisa, peke yake. Na hapa alichelewa makusudi. Moja, mbili, tatu. Akahesabu kwa vidole sehemu saba, kila moja ikija na dawa yake, noti zenyewe, safi, tayari kuandikwa. Mkoba wake ulikuwa pale kwenye kiti cha dirishani, ndani mna karatasi na kalamu.

Lakini Clarice alikuwa ameushika mkono wake wa kulia. Ameushika kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Huyo ni Irvin wangu," Clarice alinong'ona. "Nimemjua pale pale. Zillah, si ndiye?"

Mwambie, moyo ukasema. Nyanyuka. Chukua kalamu.

"Ndiye," Zillah akasema, akauacha mkono pale ulipo mpaka muziki ukaisha.

Walipomaliza kulia na chai imepoa, alijaribu kuzikumbuka zile saba, akapata tano. Basi hazijapotea, alijiambia, nitaziandika kesho nikiwa na viola. Asubuhi akaja mchungaji kumpongeza. Mchana wakaja wanawake wa kanisani. Gazeti la mji likaandika kwamba Bi Zillah Lumb amemrudisha Euphemia Garrod duniani. Redio wakairudia kwarteti Novemba, wakairudia Krismasi. Askwith akamtumia Clarice santuri, naye, kwa kuwa hakuwa na mashine ya kuipigia, alikuja nayo kwa Zillah kila Jumamosi alasiri, "nimsikie mzee wangu," na Zillah angemwambiaje hapana? Waliisikiliza pamoja majira yote ya baridi. Clarice akaanza kuimba ile sehemu ya selo akiwa anamenya viazi.

Machi ikaja bahasha kubwa. Mchapishaji wa London, si yule wa sungura, huyo alikwisha kufa zamani, alikubali kuichapisha kwarteti. Karatasi za majaribio zilikuwa ndani, sauti zote nne, moja juu ya nyingine, kama Zillah alivyokuwa hajawahi kuruhusiwa kuziona. Askwith alikuwa ameambatisha barua. *Bi Lumb mpendwa, sehemu ya selo bado ni rasimu tu machoni pangu. Popote unapokumbuka vingine, hata noti moja, tia alama, nami nitaibadilisha. Neno lako ndilo la mwisho. Baada ya hapa itakuwa imepigwa chapa.*

Zillah alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimwambia Clarice kwamba ana mafua, asije Jumamosi. Akafunga mlango, akaziweka karatasi mbele yake, akaikaza viola nyuzi, akaweka miguu yake sawa sakafuni, akaanza.

Selo ikaja, chini yake, kama siku zote. Akainua kalamu, akatazama karatasi. Alichokisikia na kilichoandikwa vilikuwa ni kitu kimoja.

Akarudi mwanzo. Akapiga polepole zaidi, macho amefumba. Pale penye kupanda, ikapanda kama alivyopandisha Askwith. Pale pa kimya hapakuwa na kimya; alijua palikuwa na kimya mahali, alikumbuka miwani na kitambaa cha kuifutia, ila mahali penyewe hakupaona tena. Akajaribu kutoka katikati, akajaribu kutoka mwisho, akavua viatu akasimamisha nyayo juu ya mbao tupu. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu vidole vilimvimba. Zilikuwa saba, hilo alilishika, maana alizihesabu. Na kila alipozitafuta alimkuta yule kijana mwema wa sweta iliyotoboka, amekaa mahali pa Irvin, anapiga vizuri.

Jumatano asubuhi alichukua ukurasa wa mwisho, akaandika chini yake, *Hakuna cha kusahihisha. Z. Lumb.* Hakuwa amebaki mtu duniani wa kulipinga neno hilo, hata yeye mwenyewe.